Bledi Nambari 5 Juu ya Mwarubaini: Mtazamo wa Kwanza wa Msumeno wa Nakshi

Jamani, tazameni mwarubaini unavyokatika! Ubao wa milimita 20, mkavu, mwekundu, wa mti uliokuwa umesimama uani kwa mtu hapa hapa Malindi, na bledi isiyofika hata nusu milimita kwa unene inapita ndani yake, inakunja kona ya pezi, inazunguka jicho la samaki, inatokea upande wa pili na kuacha ukingo laini unaong'aa. Nimemwinua samaki wangu juani nikatafuta uzi mmoja wa mbao uliochanika. Hakuna! Msumeno wa nakshi wa umeme umenishika, na sina nia ya kuficha furaha yangu.

Nina neno moja la kumwambia yeyote kati ya Mtwapa na Mambrui anayefikiria kuanza kazi hii: nunua mashine ya wastani, kisha pesa uliyoiokoa itie kwenye bledi. Mashine inaitikisa bledi tu. Kazi yote unayoiona, ukingo ule laini, kona ile kali, tundu lile dogo katikati ya ua, ni kazi ya bledi. Watu wawili wakiwa na mashine ile ile, mmoja na bledi butu iliyokuja ndani ya katoni, mwingine na bledi nzuri iliyochaguliwa kulingana na mbao, utadhani wamenunua vitu viwili tofauti.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, mashine yenyewe ni ndogo. Meza ya chuma, mkono mrefu juu yake na mwingine chini yake, na bledi imebanwa huku na huku, wima, ikipanda na kushuka katikati ya meza. Jigsoo unaishika mkononi ukaitembeza juu ya mbao. Hapa chombo kimetulia, mbao ndiyo inayotembea, nawe unaizungusha kwa vidole kuifuata alama ya penseli. Kwa hiyo mkono unachora. Kweli kabisa, unachora! Nilianza na sulisuli, samaki anayewaleta wavuvi wa mchezo Malindi kutoka pande zote za dunia, kwa sababu pezi lake la mgongoni lina kona za kumtesa fundi. Unafika kwenye ncha, unaacha kusukuma, unageuza ubao papo hapo bledi ikiendelea kupiga mahali pake, kisha unaondoka upande wa pili. Kona inatoka kali, bila kovu.

Niliyoijaribu ni ya inchi 16. Kipimo hicho ni nafasi kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, na ndicho kinachoamua kazi kubwa kiasi gani inaweza kuzunguka bila kugonga. Kasi yake inarekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha, kutoka mipigo 400 hadi 1,600 kwa dakika. Meza inalazwa hadi nyuzi 45, na unene unaokatika ni kama milimita 50. Mashine za daraja hili zinafanana sana, na kampuni nyingi zinaziuza: Scheppach ya Ujerumani wanayo yao, WEN ya Marekani wanayo yao. Juu ya hapo kuna mashine za watu waliokwisha kuzama, kama DeWalt DW788 ya inchi 20 au zile Hegner za Kijerumani, ambazo mtikisiko wake ni mdogo mno na kubadilisha bledi ni suala la sekunde. Nazitamani, sikatai! Lakini kwa kuanzia, inchi 16 inatosha na kubaki.

Mtikisiko ndio uliokuwa hofu yangu, maana mashine nyepesi huruka. Dawa yake ni kuifunga kwa bolti kwenye meza nzito, kisha kuweka kipande cha mpira wa tairi la gari katikati. Nilipomaliza kuifunga nilisimamisha sarafu ya shilingi 10 kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine, nikawasha kwa kasi ya chini. Sarafu ikasimama. Nikapandisha kasi kidogo kidogo, ikaendelea kusimama! Ilipoanguka nilijua kasi ya kuiepuka, na tangu hapo nafanya kazi chini yake kwa raha zangu.

Na wati zake. Injini ya mashine hii inakula wati 120 tu. Simama hapo kidogo ufikirie maana yake kwa pwani yetu. Balbu chache za zamani zilikula umeme zaidi ya huo. Paneli za jua zimejaa kwenye mapaa, na inveta ya wati 500 yenye umeme wa wimbi laini inaiendesha mashine hii mchana kutwa bila kutoka jasho. Injini huvuta zaidi ya wati zake inapoanza, kwa hiyo usinunue inveta ya kubana. Lakini kazi ya nakshi kwa nguvu ya jua, kijijini ambako nguzo ya umeme haijafika, inawezekana leo. Angalizo moja kwa mwenye ndugu Marekani anayetaka kumletea zawadi: mashine za kule ni za volti 120 na zetu huku ni 240. Bila transfoma itaungua siku hiyo hiyo.

Sasa bledi!

Urefu wake ni inchi 5, na ni hivyo kwa karibu kila mashine ya aina hii. Kuna za pini na zisizo na pini. Za pini zina kijiti kidogo kimepita kila mwisho, unakitundika kwenye ndoana na umemaliza. Ni rahisi, na mashine nyingi za bei ya chini huja nazo. Lakini fikiria tundu la ndani, lile jicho la sulisuli. Ili ulikate, lazima kwanza utoboe kwa keekee, upitishe bledi kwenye tundu, kisha uibane tena. Bledi ya pini inataka tundu la milimita 5 au 6, kwa sababu pini nayo lazima ipite. Isiyo na pini inapita kwenye tundu la milimita moja na kidogo. Nakshi nzuri za pwani zimejaa macho, matone, na petali ndogo ndogo, na tundu la milimita 6 linameza petali nzima. Kwa hiyo angalia kabla ya kulipa: je, mashine ina vibano vya bledi isiyo na pini? Nyingi zinavyo, vimefichwa kwenye kifuko kidogo pamoja na ufunguo wa alen ambao watu huutupa na katoni. Mashine isiyokubali bledi za bila pini iache dukani.

Nambari zinawachanganya wengi, na hakuna sababu. Kadiri nambari inavyopanda, bledi inanenepa na meno yanakuwa makubwa. Zinaanza chini ya sifuri, 2/0, kisha 0, 1, 2, 3, 5, 7, 9 na 12. Nambari 5 ina upana wa milimita moja hivi, unene wa 0.4, na meno kama 12 kwa kila inchi. Hiyo ndiyo bledi ya kuanza nayo, ndiyo iliyokata mwarubaini wangu. Ile 2/0 ni unywele: upana wa nusu milimita na ushee, unene wa robo milimita, meno 28 kwa inchi. Ukiishika juu ya kiganja huoni meno yake, unayasikia tu kwa kidole.

Nambari gani kwa mbao ipi? Kuna kanuni moja ya mafundi naipenda kwa sababu unaweza kuipigia hesabu mwenyewe: angalau meno matatu yawe ndani ya mbao kila wakati. Chukua plaiwudi ya milimita 3. Ukiweka nambari 5, jino moja liko mbali na jingine kwa milimita 2, kwa hiyo ndani ya plaiwudi kuna jino moja au mawili. Yatadaka, yatarukaruka, yatachana upande wa chini. Weka 2/0, ambayo meno yake yamekaribiana chini ya milimita moja, na matatu yako ndani, mkato unatulia. Umbo lile lile, plaiwudi ile ile, mashine ile ile! Kwa milimita 6 hadi 12 nenda na nambari 3. Kwa milimita 20 ya mbao ngumu, 5 au 7. Kwa ubao mnene wa milimita 30 kwenda juu, 9 au 12, maana bledi nyembamba humo ndani hupinda na kukupa ukingo ulioinama tumbo.

Kisha kuna jinsi meno yalivyopangwa. Bledi ya kawaida ina jino baada ya jino. Ya kuruka ina jino, nafasi, jino, nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayotoa unga wa mbao nje na kupunguza joto. Ninayoisifu mimi ni ile yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Meno ya msumeno huu hutazama chini, yanakata yakishuka, na kwa hiyo upande wa chini wa ubao ndio unaochanika yanapotoka. Yale machache yaliyogeuzwa hukwangua upande wa chini bledi inapopanda. Matokeo yake ni upande wa chini safi sawa na wa juu. Ukizipata za bila pini, nambari 5, zenye meno ya kurudi, nunua dazani nzima usifikirie mara mbili. Olson ya Marekani, Pegas ya Uswisi na Niqua ya Ujerumani ndio majina yanayotajwa sana na watu wa kazi hii, na zinauzwa kwa dazani. Maduka ya hadwea niliyopita huku yana bledi za jigsoo na za hakso tele, lakini hizi itabidi uagize. Ni nyepesi, zinasafiri ndani ya bahasha.

Kukaza ni nusu ya kazi. Bledi iliyolegea inatangatanga, na iliyokazwa kupita kiasi inakatika. Namna ya kujua ni sikio: ibane, vuta wenzo, kisha igonge kwa ukucha. Inapaswa kutoa sauti ya juu, safi, kama uzi wa udi mpiga taarabu anapouweka sawa kabla ya kuanza. Ikitoa sauti nzito, kaza. Baada ya kukaza, weka kipande cha mbao chenye unene, kikate kidogo tu, kigeuze uingize bledi kwenye mkato ule ule kutoka nyuma. Ikiingia bila kubisha, bledi iko wima na meza iko sawa. Kwa kazi hii hilo ni muhimu kuliko usahihi wa rula iliyochorwa kwenye mashine, ambayo mara nyingi si sahihi.

Na bledi itavuta upande. Usishtuke! Bledi nyingi zinapotengenezwa, upande mmoja wa meno hubaki na ukali kidogo kuliko mwingine, na mkato unaenda kulia. Hujakosea, wala mashine si mbovu. Unaulaza ubao wako nyuzi chache na kusukuma kwa mwinamo huo, na baada ya muda mfupi mkono unafanya wenyewe. Bledi zilizonolewa kwa jiwe hazivuti sana, na ni kali mno, lakini bei yake iko juu.

Nilimpelekea samaki wangu mchongaji mmoja mzee, mtu wa tezo na kisu tangu ujana wake. Akapitisha kidole gumba ndani ya tundu la jicho, akamgeuza samaki, akapitisha tena.

"Hapa umepiga msasa wa ngapi, mwanangu?"

"Sijapiga msasa, mzee wangu. Ni bledi hiyo."

"Hata humu ndani?"

"Hata humo ndani."

Akaomba aione. Nilipomwekea bledi kiganjani alishangaa, akaiinua kwenye mwanga, kisha akauliza swali ambalo fundi halisi huuliza: inadumu muda gani? Jibu ni dakika 15 hadi 45 za kukata, kulingana na mbao. Ndiyo, dakika! Watu wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, na hapo ndipo wanapoharibu kazi, kwa sababu wanaing'ang'ania bledi iliyokufa. Dalili zake ni wazi: unaanza kusukuma kwa nguvu, moshi unanukia, ukingo unageuka kahawia. Itoe. Bledi moja ni kitu kidogo sana ukilinganisha na ubao uliouchora saa nzima.

Sasa nizungumzie mbao zetu, kwa sababu hapa ndipo pwani ya Malindi na Kilifi inapozipita nchi nyingine zinazojivunia mashine hizi. Tunao mwarubaini kila mahali, mkilifi kwa jina lake jingine, mti ulioletwa kutoka Bara Hindi na sasa umejaa nyuma ya nyumba, kandokando ya barabara na mashambani. Ni mgumu kiasi cha kushika nakshi ndogo bila kuvunjika, wadudu hawaupendi, na rangi yake inaiva vizuri ukipakwa mafuta. Ukaushe polepole kivulini, ukiwa umepaka rangi ncha za magogo, la sivyo utapasuka. Na vaa barakoa, maana vumbi lake lina uchungu wa majani yake, utausikia kooni mpaka usiku. Mwembe ni mlaini zaidi, nambari 3 inaukata kwa furaha, na ukibahatisha ubao wenye ile mistari myeusi ya ukungu, hutahitaji kuongeza pambo lolote. Mnazi una tabia mbili katika ubao mmoja, nyuzi ngumu na nyama laini, kwa hiyo bledi hurukaruka. Nenda nao polepole kwa nambari 7. Mvinje mkavu una hasira, mimi nauacha kwa wajenzi. Mpingo, ukipata vipande vilivyobaki kwa wachongaji, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Teremsha kasi, weka nambari 7 au 9, na bandika tepu ya katoni, ile ya plastiki inayoonyesha, juu ya mchoro wako kabla ya kukata. Tepu hiyo hulainisha njia ya bledi na kuzuia mbao isiungue. Nimeijaribu kwenye mpingo na kwenye mwarubaini, na tofauti inaonekana kwa macho: upande wenye tepu ni safi, upande usio na tepu una doa la moto.

Na kutumia mwarubaini kuna historia nyuma yake. Uchongaji wa Wakamba, ambao ndio uliojaza vibanda vya sanaa kuanzia Mombasa hadi Malindi, kwa kawaida husemwa ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miongo mingi mbao zake zilikuwa mpingo na muhugu, na muhugu ulikuwa ukitoka misitu kama Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420 kati ya Kilifi na Malindi, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani uliobaki Afrika Mashariki. Muhugu ukapungua vibaya. Miaka ya 1990 mradi wa People and Plants, wa WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew, uliwahimiza wachongaji wa Kenya wahamie mwarubaini na mwembe, miti inayokua haraka na iliyomo mashambani mwa watu. Tembelea ushirika wa wachongaji hapa Malindi uone vumbi jekundu la mwarubaini kwenye mikono yao. Msumeno wa nakshi unaingia vizuri kwenye mpango huo, kwa sababu unakula mbao nyembamba na mabaki. Ubao mmoja ulioachwa na mchongaji wa kinyago una samaki wanne ndani yake!

Kazi ya matundu si ngeni pwani. Milango yetu mashuhuri, yenye mayungiyungi na minyororo, ni kazi ya patasi, na mashine hii haiwezi kuigusa wala isijaribu. Lakini angalia juu zaidi, kwenye roshani za Mji wa Kale wa Mombasa, au nenda Unguja ukaangalie zahanati ya kale iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, roshani zake zilivyopambwa kwa mbao zilizokatwa matundu mpaka mwanga unapita. Mkono wa mafundi wa Kihindi unaonekana humo. Katika miaka hiyo hiyo Marekani ilikuwa imepagawa na misumeno ya kukanyaga kwa mguu, na kazi yenyewe wakaiita ya Sorrento, kwa heshima ya mji wa Italia uliosifika kwa mapambo ya mbao. Malindi yetu, yenye Waitaliano wengi hivi, ingeweza kuwa na mazungumzo mazuri sana na Sorrento juu ya meza ya msumeno!

Michoro basi tunayo ya kutosha. Kasa wa Watamu, matao ya Gede, mibuyu ya Takaungu, mashua imefungua tanga. Kimoja nawasihi msikiguse: vigango. Nakshi zake za pembetatu zinavutia, najua, lakini kigango, nguzo ya mbao ya Wagiriama, kinasimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu na hakiondolewi kilipo. Vimeibwa vingi mno vikauzwa kwa makumbusho na matajiri wa ng'ambo, na kuanzia 2007 vingine vimerudishwa Kenya baada ya miaka ya kudai. Tuache kuvigeuza vishikio vya funguo.

Kwa vishikio vya funguo kuna kasa, na kuna ujanja wa kufurahisha: panga plaiwudi nne za milimita 3 moja juu ya nyingine, zifunge kwa tepu pande zote, kata mara moja kwa nambari 3 au 5. Unene sasa ni milimita 12, meno yametulia, na unatoa kasa wanne wanaofanana kwa muda wa mmoja. Kata matundu ya ndani kwanza, umbo la nje mwisho, ili uwe na ubao mpana wa kushika muda wote.

Hewa ya bahari ni adui, hilo kila mtu wa huku analijua. Bledi zikae ndani ya kichupa chenye kifuniko na tone la mafuta ya cherehani, ukiifuta kila moja kabla ya kuitumia ili usitie doa kwenye mbao. Meza ya mashine isugue kwa mshumaa mara kwa mara. Haitapata kutu upesi, na ubao utateleza juu yake vizuri kabisa. Miwani ya macho vaa daima, na mikono mirefu ya kanzu au buibui ikunje.

Kijana asiye na pesa ya mashine wala umeme asiachwe nje. Bledi hizi hizi za inchi 5 zisizo na pini zinaingia kwenye msumeno wa mkono wenye fremu ya chuma ya umbo la U. Kata kipande cha ubao, kichonge mwanya wa V mbele, kifunge kwa kibano ukingoni mwa meza, mbao ikae juu ya mwanya na bledi ipande na kushuka humo, meno yakitazama chini. Kazi ni ya polepole, lakini ukingo ni ule ule! Na siku akipata mashine, bledi zake na mkono wake vyote viko tayari.

Kuna bledi moja sijaitaja, na ndiyo inayoninyima usingizi kwa hamu: ya kusokota. Imesokotwa ili meno yake yatazame pande zote, kwa hiyo inakata kwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia bila kuzungusha mbao. Mkato wake ni mpana na una ukorofi, na kwa samaki wadogo siipendekezi kwa anayeanza. Lakini mashine ya inchi 16 ina kikomo, ubao mrefu haugeuki, unagonga nguzo. Kwa bledi ya kusokota huna haja ya kuugeuza ubao kabisa. Unausogeza tu, mchoro baada ya mchoro, hata uwe wa mita tatu, mradi upana wake uingie ndani ya koo la mashine na ncha zake zishikiliwe na vibao vya miguu pande zote mbili. Maana yake, mbao za ukingoni mwa paa la baraza, zile zenye matone na mawimbi yanayojirudia kutoka nguzo hadi nguzo, zinakatika nyumbani kwa wati 120! Nimeagiza nusu dazani, nambari 2. Mbao za mwarubaini zimeshapasuliwa, zinakauka kivulini, mchoro wa matone nimeshauchora kwenye katoni, na baraza limepimwa.